Aldehaidi au ketoni? Hidrojeni moja ndiyo inayoamua

Mwamgongo, Kigoma. Kijiji hiki kipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na njia iliyozoeleka ya kufika ni boti. Kwa mwanafunzi wa PCB aliyerudi huku likizo na daftari lake, Kemia ya kidato cha sita siyo ya kuchezea. Anayetaka kusomea udaktari Muhimbili lazima afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na ushindani ni mkali.

Aldehaidi na ketoni ni mada ambayo ukiikariri mmenyuko mmoja mmoja, ndani ya chumba cha mtihani yote yanachanganyika. Kumbe msingi wake ni mfupi tu. Zote zina kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili. Kwenye aldehaidi, kaboni hiyo ina hidrojeni pembeni. Kwenye ketoni haina, imebanwa na kaboni nyingine pande zote mbili.

Ndiyo maana aldehaidi humenyuka haraka zaidi: kaboni yake iko wazi, rahisi kufikiwa. Ndiyo maana pia huoksidishwa kirahisi kuwa asidi, kwa sababu hidrojeni ile haisumbui kuondoka. Ketoni ingebidi ivunje bondi ya kaboni kwa kaboni, kazi ngumu.

Vipimo vinafuata hapo hapo. Ukipasha aldehaidi moto taratibu pamoja na kitendanishi cha Tollens, fedha hugandamana ndani ya testi tyubu na kung'aa kama kioo. Fehling hutoa mashapo mekundu ya rangi ya tofali. Ketoni za kawaida hazifanyi kitu.

Asiye na maabara karibu anavyo vya kukumbukia nyumbani. Dawa ya kufuta rangi ya kucha, ile yenye asetoni, ni ketoni. Ile harufu ya mawese yaliyochacha inatokana kwa sehemu na aldehaidi, zinazozaliwa mafuta yakikaa na hewa.

Mitego ipo, na watahiniwa hunaswa hapa. Benzaldehaidi hukubali Tollens lakini hugomea Fehling. Na mashapo ya njano ya iodofomu hayathibitishi kwamba una ketoni: ethanali, ambayo ni aldehaidi, huyatoa, na hata ethanoli, ambayo ni alkoholi tu, huyatoa vilevile.