Koni: megabaiti ziko, lakini sauti inachelewa

Mtu anayefanyia kazi nyumbani Koni, upande wa barrage ya umeme ya mto Lufira, ananunua forfe kubwa zaidi. Bado kwenye mkutano wa video anajibu wakati wenzake wamekwisha kupita kwa jambo lingine. Juu ya nini? Wingi wa megabaiti ni jambo moja, muda wa ujumbe kwenda na kurudi ni lingine.

Kwanza kupima. Chomeka kompyuta kwa kebo kwenye modemu, andika ping 8.8.8.8, usome milisekunde. Kama kwa kebo ni 60 na kwa wifi ni 300, shida iko ndani ya nyumba: ukuta, ao umbali. Kama inapanda tu wakati simu za watoto zinatuma video, ni foleni kwenye modemu (hiyo watu wengi wanaisahau). Simamisha utumaji, muda utashuka.

Ikibaki juu hata usiku, uliza muuzaji njia. Satelaiti za zamani ziko karibu kilomita 36.000 juu: kwenda na kurudi kunakula nusu sekunde hivi, na hakuna forfe ya kuipunguza. Za Starlink, iliyopata kibali Kongo mwaka 2025, ziko karibu kilomita 550.