Je, inafaa kufunika meno wakati fizi inatoka damu?



Kiisha mazoezi ya kwaya, dada mmoja wa mwaka wa tano alitujia. Anaimba sauti ya kwanza, lakini tangu zamani tunamuona anaimba na mkono mbele ya kinywa. Akatuuliza: «Kapita, kaka yangu wa Goma anataka kunilipia fasete mbele ya arusi yake, kusudi nicheke vizuri ku picha. Lakini kila asubuhi nikisugua meno, mate inakuwa nyekundu. Haiko mubaya?» Tulikosa jibu. Tukauliza muuguzi, tukafungua vitabu, na siku ya posho tukamsindikiza kwa munganga wa meno. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, tuache kucheka watu wenye meno ya rangi ya kahawa. Huku kwetu karibu na volkano, maji ya pahali pengi yana floridi nyingi, na moshi wa Nyiragongo unaiongeza katika maji ya mvua tunayokinga. Mutoto akiyakunywa wakati meno yake yanajengwa ndani ya taya, yatatoka na madoa. Si uchafu, hata usugue mpaka burosi iishe. (Floridi kidogo ya dawa ya meno, ile unayotema, ni kitu kingine: inakaza jino.) Basi kutaka kufunika madoa hayo si majivuno tu.

Fasete ni ganda jembamba la porselene au la rezini, mara nyingi karibu nusu ya milimetre, linalogundishwa mbele ya jino. Miaka ya 1930, munganga Charles Pincus wa California alitengenezea wacheza sinema maganda ya kubandika kwa saa chache. Filamu ikiisha, wanayatoa. Mwaka 1955, Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikikwaruza enameli, ile ngozi ngumu ya jino, gundi inashika kweli. Lakini kwa fasete nyingi munganga anapunguza enameli kwanza, na enameli ikitoka hairudi. Ndiyo maana hatuwezi kujaribu tu, tuone.

Sasa fizi. Uchafu laini ukikaa kati ya jino na fizi, vijidudu vyake vinaiwasha: inavimba, inakuwa nyekundu, inatoka damu. Uchafu huo ukikawia unakuwa mugumu sawa chokaa, na burosi haiuwezi tena. Hapo ugonjwa ungali wa juu, unapona kabisa. Ukiachwa, kwa watu wengine unashuka mpaka ku mufupa unaoshika jino, na mufupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Jino linalegea, hata kama halikuuma siku moja.

Munganga alipima fizi ya dada kwa kijiti chenye alama: 1 mpaka 3 milimetre ni vizuri, yeye alikuwa na 4 pahali pengi. Mufupa, asante Mungu, ulikuwa mzima. Tukamuuliza: fasete leo, fizi kesho, haiwezekani? Akajibu: «Munapaka rangi ku ukuta wenye maji?» Akaeleza kwamba gundi haipendi damu wala mate. Tena fizi iliyovimba ikipona inarudi nyuma, na ukingo wa ganda unabaki wazi mbele ya watu wote. Na ganda likiwekwa vibaya, ukingo wake unashika uchafu, fizi inazidi kuugua. Kaka wa mumoja wetu alifanyiwa hivyo mjini na mutu ambaye hakuangalia fizi hata kidogo. Mbele ya miezi sita maganda mawili yalianguka, na kinywa kilikuwa na harufu.

Basi alimsafisha ule uchafu mugumu, akamwambia arudi kiisha majuma sita. Fasete itazungumzwa wakati huo. Kwa sasa: burosi laini, dakika mbili, asubuhi na mbele ya kulala, na zaidi pale panapotoka damu. Wengi tunafanya kinyume, tukiona damu tunaogopa kupagusa. Maji ya chumvi yanatuliza, lakini hayaondoi chokaa. Na wale ndugu wanaojificha nyuma ya vyoo (tunawajua) wasikie: sigara inaharibu fizi na inazuia damu isionekane, hivi mutu anafikiri yuko muzima.

Kaka alikasirika kwa simu, kwa maana fasete haitakuwa tayari siku ya arusi. Kiisha akasema feza anaiweka. Upande wa kuume damu imekwisha. Wa kushoto bado kidogo. Jumapili iliyopita, ku wimbo wa kwanza, mkono wa dada ulikuwa chini. Ku wimbo wa pili ulirudi.