Mtoto Akiuliza Habari za Vita Mezani

Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapoisha, familia nyingi za Chemchem, Tabora, bado zimezunguka ugali na mlenda. Watoto wameona vita, wameona watu wamejitwika magodoro. Mmoja anauliza: "Mama, na sisi watatufuata?" Wengi wetu hujibu haraka: "Kula, hayo ni ya wakubwa."

Mzazi, usilizime swali hilo. Mambo ya dunia yalishafika kwetu zamani. Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji wa Tabora kutoka kwa Wajerumani, katika vita vilivyoanzia Ulaya. Mwaka 1972, Warundi walikimbia mauaji kwao, na wengi wakapewa ardhi ya kulima Ulyankulu, mkoani humu humu. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia. Huenda mjukuu wao anakaa dawati moja na mwanao. Mwanao akimwita "mkimbizi" kwa dharau, ni kwa sababu hakuna aliyemsimulia.

Zima televisheni, mzungumze. Mwache mdogo aanze kusema alichokielewa. Mwonyeshe kwenye ramani vita viko wapi na sisi tuko wapi, hofu hupungua. Usilitaje kabila wala taifa lolote kama adui. Usilolijua, sema, "Kesho tutalitafuta." Kisha mjibu lile swali lake la kwanza: "Hapa tuko salama, mwanangu. Ndiyo maana wenzetu walikimbilia kwetu."