Mtoto Aliyeokolewa Vitani na Jina Lililobaki Nyuma

Nyumba inapoungua, hakuna mtu asimamaye mlangoni kumwuliza mtoto jina lake. Mtoto hubebwa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini moto ukisha kuzimika, mtoto yule ana haki ya kujua alitolewa nyumba ipi, na wenyewe ni akina nani. Katika makala haya tutazame yaliyowapata watoto wa Vietnam waliohamishwa kwa ndege mwaka 1975 na kulelewa ugenini na watu wa rangi nyingine. Habari zao zina mafunzo kwa kila mlezi wa mtoto asiye wa tumbo lake.

SIKU ZA MWISHO ZA SAIGON

Mwanzoni mwa Aprili 1975 majeshi ya Vietnam ya Kaskazini yalikuwa yakiukaribia mji wa Saigon, ambao leo huitwa Ho Chi Minh. Makao ya yatima yalikuwa yamejaa. Tarehe 3 Aprili, Rais Gerald Ford wa Marekani alitangaza kwamba serikali yake itawasafirisha watoto hao, na dola milioni 2 zikatengwa kwa kazi hiyo. Kesho yake ndege kubwa ya kijeshi ya aina ya C-5A iliruka ikiwa na watu zaidi ya 300. Dakika chache baadaye milango yake ya nyuma ilifumka. Rubani alijaribu kurudi uwanjani asifike, na ndege ikaanguka katika mashamba ya mpunga. Walikufa watu 138, na 78 kati yao walikuwa watoto.

Hata hivyo safari hazikukoma. Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili, watoto zaidi ya 2,500 walikuwa wamekwisha kuondolewa, wengi wakienda Marekani na wengine Australia, Kanada na nchi za Ulaya. Huko waliasiliwa, yaani walifanywa kwa sheria kuwa wana wa watu wasiowazaa.

YATIMA WENYE MAMA

Neno lililotumika siku zile lilikuwa "yatima". Wengi walikuwa yatima kweli, au walikuwa wameachwa mlangoni pa makao. Lakini wengine walikuwa na mama. Mama fukara aliweza kumpeleka mwanawe kwenye makao ili apate chakula, akitumaini kumrudia hali itakapotengemaa. Mama aliyezaa na askari wa Marekani alisikia uvumi kwamba machotara watauawa, akamtoa mwanawe kwa hofu. Makaratasi yalikuwa haba, mengine yalipotea, na wako watoto waliosafiri kwa majina yasiyo yao.

Watoto walipofika San Francisco, baadhi yao waliwaambia wale waliojua Kivietnam kwamba wao wana wazazi na ndugu. Tarehe 29 Aprili ikafunguliwa kesi mjini humo, ikitaka ichunguzwe ni nani hasa aliye yatima kabla ya kuasiliwa. Mahakama haikukubali kuisikiliza kama kesi ya watoto wote kwa pamoja. Miezi ikapita, na mtoto mchanga aliyekuwa amekwisha kumzoea mama wa pili akawa mgumu zaidi kurudishwa kwa yule wa kwanza.

KUKUA KATI YA NYUSO NYINGINE

Yafaa isemwe waziwazi kwamba wengi wa watoto hao walipendwa, wakalishwa, wakasomeshwa. Lakini walipokua na kuanza kujieleza wenyewe, walisimulia mambo ambayo upendo peke yake haukuyatibu. Katika miji midogo, mtoto aliweza kuwa mwenye sura ya Kiasia peke yake shule nzima, wenzake wakimtania kwa majina ya adui waliyeyasikia kwa baba zao waliotoka vitani. Nyumbani aliambiwa kwamba rangi si kitu, ilhali njiani kila macho yalimwambia kwamba ni kitu. Lugha yake ya kwanza ilimtoka kinywani. Tarehe ya kuzaliwa ya wengine ilikuwa ya kukadiriwa tu, na daktari akiuliza magonjwa ya ukoo, jibu halikuwapo.

Tena, kila alipouliza habari za kwao, wako waliomjibu kwamba hana budi kushukuru. Watoto wengine hawadaiwi shukrani kwa kuwa hai. Huyu alidaiwa kila siku, kama mgeni asiyemaliza deni la chakula.

KURUDI SI KUFIKA

Filamu ya mwaka 2002 iitwayo Daughter from Danang yaonyesha uzito wa jambo hili. Mama mmoja alimtoa bintiye mwenye umri wa miaka saba, aliyezaa na Mmarekani. Binti akalelewa kusini mwa Marekani. Mwaka 1997, baada ya miaka 22, walikutana tena kwa machozi ya furaha. Siku chache baadaye ndugu zake wakamwomba asaidie kumtunza mama. Kwao, na hata kwetu, hilo ni wajibu wa mwana usiohitaji maelezo. Yeye aliyelelewa kwingine aliona amegeuzwa mfuko wa fedha, akarejea Marekani akiwa na majonzi. Hapakuwa na mwovu baina yao. Damu ilikuwa moja, bali malezi yalikuwa mawili, na hapakuwa na mtu aliyewafundisha kuelewana.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watoto wa Saigon hawakuiacha asili yao. Waliachishwa wangali mikononi mwa watu wazima.

YATUPASAYO

Tangu siku hizo dunia imejifunza kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalinda haki ya mtoto kubaki na jina, uraia na jamaa zake. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 waitaka serikali iwatafute wazazi au jamaa wa mtoto aliyetenganishwa nao na vita, na kumpeleka mtoto nchi nyingine kuasiliwa wauona kuwa njia ya mwisho. Mapatano ya Hague ya mwaka 1993 nayo yakaweka taratibu za uasili baina ya nchi na nchi.

Lakini mkataba hauingii jikoni, wala haulali na mtoto anayelia usiku. Eneo letu limejua vita na wakimbizi, na nyumba nyingi zimepokea mtoto wa mwingine. Mwenye kumpokea aandike mara moja jina alilokuja nalo, mahali alipookotwa, lugha aliyoisema, na majina ya watu aliowataja. Nguo aliyovaa na itunzwe, kwani mama huweza kuitambua nguo pale asipoitambua sura. Mtoto aelezwe ukweli mapema na kwa upole, asije akausikia kisimani kwa mdomo wa mchokozi. Akiwauliza wazazi wake, mlezi asione ametukanwa. Moyo wa mtoto una nafasi ya mama wawili, mradi asilazimishwe kumzika mmoja ili ampende wa pili.