Jiko la makaa chumbani: Muuaji asiye na harufu

Ni mwezi wa Julai, saa mbili usiku. Umeshuka matatu steji ya 46 kule Kawangware, au umevuka reli na kuingia Laini Saba, Kibera. Baridi imekuingia hadi mifupani. Nyumbani chakula kimepikwa nje, karibu na mlango, na makaa bado ni mekundu, hayana moshi hata kidogo. Kuyazima ni hasara. Basi mnaliingiza jiko ndani, mnafunga mlango na dirisha, na watoto wanalala kwenye joto.

Mpendwa msomaji, usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Si mara moja wala mbili magazeti yetu yameripoti, hasa msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, kuhusu watu waliokutwa wamekufa kitandani bila jeraha lolote, jiko likiwa kando yao. Majirani hushuku sumu kwenye chakula. Kumbe sumu ilikuwa kwenye hewa.

Gesi isiyoonekana

Moto wowote, uwe wa makaa, kuni, mafuta ya taa au gesi ya mtungi, huhitaji oksijeni. Hewa isipotosha, moto huo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Haiwashi macho na haimfanyi mtu akohoe. Kwa hivyo aliyelala haamki.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tumezoea kuamini kwamba hatari ni moshi, na kwamba moshi ukishaisha jiko ni salama. Sivyo. Makaa yaliyoiva hayana moshi lakini hutoa gesi hii kwa wingi, na huendelea kuitoa hata yakiwa yamefunikwa na majivu.

Ikivutwa, gesi hiyo huingia kwenye damu na kushikamana na ile sehemu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huendelea kupumua, lakini ubongo na moyo wake vinakosa hewa. Watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na akina mama wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata kama mama yake ameonekana kupata nafuu.

Chumba cha futi 10 kwa 10, kama vilivyo vingi Kibera na Kawangware, hujaa gesi hii haraka. Si kosa la wanaoishi humo. Mabati hayazuii baridi, kwa hivyo mianya huzibwa kwa katoni na magunia. Dirisha likiachwa wazi, mwizi naye hupata njia. Lakini kila mwanya unaozibwa ni njia ya hewa iliyofungwa.

Dalili za kuangalia

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Wengi hudhani ni malaria au mafua. Jiulize maswali haya: Je, watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja? Je, hawana homa? Je, hupata nafuu wakitoka nje? Kama jibu ni ndiyo, shuku jiko kabla ya kushuku mbu.

Sumu ikizidi, mtu huchanganyikiwa na miguu hukosa nguvu. Anaweza kuuona mlango na ashindwe kuufikia. Baadaye huzimia.

Gesi ya mtungi nayo

Familia nyingi sasa zinapikia gesi ya mtungi, nalo ni jambo jema kwa mapafu. Hata hivyo, gesi ina hatari mbili tofauti.

Kwanza ni kuvuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya chini. Hutiwa harufu kali makusudi ili uigundue. Ukiinusa, usiwashe kiberiti na usiguse swichi ya stima, hata kuizima. Funga mtungi, fungua mlango, toa watu nje. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Povu likifanya mapovu mapya, gesi inavuja. Usipime kamwe kwa moto. Mpira ulioanza kupasuka ubadilishwe, usifungwe kwa karatasi ya nailoni. Mkasa wa Embakasi wa usiku wa Februari 1, 2024, ambapo watu walifariki na mamia kujeruhiwa, ulituonyesha ukali wa gesi iliyotoka ilimofungiwa.

Pili ni kuungua vibaya. Mwali mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukigeuka wa manjano na sufuria kuingia masizi, jiko limeziba au hewa haitoshi. Lizime, lisafishwe.

Kwa walio na mashine ya gesi ya kupasha maji ya kuoga, sharti ni moja: isiwekwe ndani ya bafu lisilo na njia ya hewa. Bomba lake la kutolea hewa chafu lifike nje, lisizibwe na viota wala takataka, na fundi aliyehitimu aikague kila mwaka. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka wa 1998 zinamlazimu anayepangisha nyumba kukaguza mitambo ya gesi kila baada ya miezi 12. Huko pia gesi hii huua.

Ufanye nini?

• Usilale na jiko la makaa ndani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mwanya mdogo hautoshi.

• Kuepuka hasara, tia makaa yanayowaka ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, uuache nje. Yatazima kwa kukosa hewa, na kesho utayawasha tena.

• Kama ni lazima upikie ndani, fungua mlango na dirisha hadi umalize, kisha utoe jiko nje.

• Jipashe joto kwa soksi, sweta, blanketi, uji wa moto, au chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa.

• Mwombe mwenye nyumba aweke tundu lenye wavu wa chuma juu karibu na paa, na jingine chini. Hewa hupita, mwizi hapiti. Akikataa, mwone afisa wa afya ya umma, kwani nyumba isiyo na hewa ya kutosha ni suala la afya.

Huduma ya kwanza

Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango na umvute nje haraka. Usikawie ndani, usije ukaanguka nawe. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza mara moja huku wengine wakitafuta gari. Usimnyweshe maziwa. Maziwa hayatoi sumu iliyo kwenye damu, na aliyezimia yanaweza kumpalia.

Mpeleke hospitalini hata akizinduka. Kutoka Kibera, Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta haziko mbali. Mwambie daktari waziwazi kwamba jiko lilikuwa ndani, maana kile kifaa cha kubanwa kidoleni kinaweza kudanganya kuwa oksijeni inatosha. Kwa hewa ya kawaida, sumu hii huchukua saa nne au tano kupungua kwa nusu, lakini kwa oksijeni ya hospitali huchukua takriban saa moja na nusu au chini ya hapo. Wengine waliopona hupatwa na matatizo ya kumbukumbu siku au wiki kadhaa baadaye, kwa hivyo rudi ukapimwe.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, uliza swali moja tu: jiko liko wapi?