Vikombe Viwili vya Uji

Sogeeni karibu na moto, wajukuu wangu. Leo nina hadithi ya binti wa Chogoria, pale kwenye barabara ya Embu kwenda Meru. Hadithi nimeitunga, ugonjwa ni wa kweli.

Binti huyu alianza kuogopa mukimo. Mama akimpakulia, anausukuma kwa kijiko hadi ukingoni mwa sahani, anaugeuzageuza, mwishowe anayeshiba ni mbwa. Akiulizwa, hujibu, "Nimefunga." Kanisani wakamsifu kwa uchaji wake, na hapo ndipo walipokosea. Anayefunga hufungua jioni. Kwake jioni haikufika.

Huku kwetu mtu akirudi kutoka shuleni huambiwa, "Umenona!" Msemaji hana ubaya, lakini binti yule neno lilimchoma likakaa. Wengine hula mno kwa siri, kisha hujitapisha. Huo ni ugonjwa, si kiburi wala pepo. Mwili ukinyimwa chakula, hedhi hukatika, baridi huingia mifupani, moyo hulegea. Zamani huko Italia, Katerina wa Siena alifunga mpaka chakula kikamshinda. Muungamishi wake alimwagiza ale, wapi! Alifariki mwaka 1380, akiwa na miaka 33.

Aliyemtambua binti wetu ni mzee wa kanisa, mama mwenye wajukuu. Alimkumbuka binti wa Yairo, wa miaka 12. Yesu alipomwinua kutoka mautini, hakumtaka aimbe wala atubu. Aliwaagiza wampe chakula. Basi mzee huyo akafuatana na binti hadi Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Scotland mwaka 1922. Daktari akapima moyo na damu, akamtafutia mshauri. Mchungaji naye akamwambia asifunge tena, hata kanisa zima likifunga. Nalipenda sana neno hilo la mchungaji.

Tangu hapo, kila alasiri mama huyo mzee wa kanisa alifika na uji wa wimbi kwenye themosi. Hakusema "kula." Mwili wa binti hakuutaja kabisa. Alimimina vikombe viwili, akanywa chake taratibu huku akisimulia habari za ng'ombe na mvua. Siku ya kwanza kikombe cha pili kilipoa, kikafanya utando juu. Siku ya nne kilikuwa kimepungua kidole kimoja.