Tusiwasahau wanafunzi wasioweza kula ngano

Katika Taita Taveta, neno nyuzi huleta mawazoni mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate. Leo ningependa tuzungumzie nyuzi za aina nyingine, zile nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka, jamii ya kunde, mboga na matunda. Tumbo haliwezi kuzisaga, lakini bila hizo haliwezi kufanya kazi yake barabara. Wapo watu ambao hawawezi kuzipata katika mkate wala chapati, kwa kuwa ngano kwao ni mithili ya sumu. Mimi ni mmoja wao.

Maradhi haya huitwa siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye siliaki anapoila, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba na kuharibu vinyweleo vinavyofyonza chakula. Matokeo yake ni kuharisha au kufunga choo, tumbo kujaa gesi, kukonda na kupungukiwa na damu. Watoto hudumaa. Tiba iliyopo ni kuacha gluteni maisha yote.

Siri hii ilifumbuliwa wakati wa dhiki. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto nchini Uholanzi, alikuwa amekwisha kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ilipoikumba nchi hiyo mwaka 1944 hadi 1945 na mkate ukaadimika, aliona watoto wenye siliaki wakipata nafuu huku wengine wakidhoofika. Mwaka 1950 akatoa tasnifu iliyothibitisha jambo hilo.

Wapo wanaodai kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Hoja hiyo haina mashiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisaharawi, ambao asili yao ni Sahara Magharibi humu humu Afrika, uligundua kwamba zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 100. Kwetu hausikiki sana kwa sababu ni wachache wanaoutafuta. Usilolijua ni usiku wa giza.

Sasa turejee kwenye nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa kila aliyetimia umri wa miaka 10. Aghalabu anayeacha ngano hukimbilia wali mweupe na sima ya unga uliokobolewa, vyakula ambavyo vimevuliwa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake. Punde si punde choo humwia kigumu, naye akaenda duka la dawa kutafuta unga wa kumsaidia. Hapo ndipo penye hatari.

Bidhaa nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa pumba za ngano, na hizo mgonjwa wa siliaki asizikaribie kamwe. Nyingine hutengenezwa kwa dekstrini ya ngano, ambayo hata ikisafishwa yapasa kuhakikishwa kiwango chake cha gluteni. Ipo pia isabgoli, maganda ya mbegu za mmea usio na undugu na ngano, unaolimwa hasa Gujarat na Rajasthan nchini India. Hiyo kwa asili yake haina gluteni, ila yaweza kuchafuliwa ikisagwa au kupakiwa mahali panaposhughulikiwa ngano. Kipimo cha kimataifa cha Codex ni kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Mnunuzi na atafute maneno hayo kwenye pakiti, na asome orodha yote ya viungo.

Katika duka moja mjini niliwahi kupimiwa unga katika mfuko usio na maandishi yoyote, muuzaji akiniapia kwamba ni wa asili na hauna madhara. Niliuacha pale pale. Ngano nayo ni ya asili! Nyumba njema si mlango, na sifa za muuzaji si orodha ya viungo.

Hata unga ulio salama una masharti yake. Mtu aanze na kiasi kidogo na aunywe kwa maji mengi, kwani isabgoli hufura na yaweza kumkaba koo au kumziba utumbo. Aidha, apishanishe unga huo na dawa nyingine kwa muda wa saa mbili hivi, na amwone daktari kwanza.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba nyuzinyuzi zilizo salama zaidi hazitoki dukani. Mtama, wimbi, mawele na mahindi yasiyokobolewa hayana gluteni. Kadhalika mbaazi, kunde, pojo, viazi vitamu na muhogo, ndizi za Taveta na mboga za milima ya Taita. Kimanga cha wazee wetu, muhogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe, ni dawa iliyo ndani ya chungu. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa hutoa zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi.

Tahadhari ni moja: mashine ya kusaga. Mtama uliosagwa mara tu baada ya ngano huwa umeharibika kwa mgonjwa. Unga wa uji uliochanganywa nafaka nyingi nao uulizwe una nini.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa bweni anayekataa mandazi haringi. Githeri ya shule humfaa sana, mradi isikolezwe kwa unga wa ngano wala viungo vya pakiti ambavyo havijasomwa. Atengewe mwiko na sufuria safi, na viazi vyake visikaangwe katika mafuta yaliyokaanga mandazi. Gharama ya hayo ni ndogo mno ikilinganishwa na kumpoteza mtoto darasani kwa maradhi ya kila wiki. Somo la kusoma vibandiko vya vyakula nalo lingefaa kufundishwa kwa pakiti halisi zilizoletwa kutoka jikoni.

Nanyi wanafunzi, anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu na cha utumbo huweza kudanganya iwapo mtu amekwisha kuiacha, na ugonjwa ukakosa kuonekana.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu. Kipimo hicho cha damu kingefaa kuwa jambo la kawaida katika hospitali zetu, ili mzazi wa Kasigau au Sagalla asilazimike kufunga safari ya Mombasa kutafuta jina la ugonjwa wa mwanawe. Wenye viwanda vya unga nao waandike wazi kila kilichomo ndani ya pakiti, kwa Kiswahili ambacho mpishi wa shule anaweza kukisoma kabla ya kuinjika chungu.